Shamba la Kuazima

Kule milimani Uluguru, shamba la kuazima lilikuwa na sharti moja tu. Panda mahindi, panda maharage, panda mtama, panda chochote kinachovunwa na mwaka ukaisha nacho, mti usipande. Mti hauondoki na mavuno. Aliyepanda mfenesi leo, mjukuu wake atakuja kula fenesi hapo na kusema hapa ni kwetu, na nani atambishia? Kwa hiyo aliyeazima hakupanda mti, na mwenye ardhi alipita mara kwa mara kuhakikisha. Wageni wengi waliliona sharti hili la kitoto. Wageni wengi hawajawahi kunyang'anywa shamba na mfenesi.

Mwaisha alilijua sharti hilo kama alivyozijua sala zake, na sala hazikumpita. Tangu kaka yake Rehani alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo pale Kilangala, mteremko mmoja ulio juu ya njia ya kutoka Mkuyuni kwenda Matombo. Kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama. Ile ya Kilangala ilitoka kwa bibi yake, ikaja kwa mama yake, ikaja kwake na kwa ndugu zake, na ingekwenda kwa binti yake Hidaya na kwa watoto wa Hidaya. Rehani aliisimamia kama mwanamume wa ukoo, akailima mpaka akafa, lakini hakuwa na uwezo wa kuwaachia wanawe hata tuta moja. Watoto wa mwanamume ni wa ukoo wa mama yao. Ukiwauliza Waluguru kwa nini, watakujibu kwamba mama wa mtu huonekana akizaa, baba ni wa kuambiwa.

Rehani aliacha mwana mmoja, Benedikto. Huyu alizaliwa Kilangala, akatambaa Kilangala, na mfereji unaoleta maji ya kijito mpaka shamba la chini aliuchimba pamoja na babaye, mikono ikawachubuka wote wawili. Babaye alipokufa akawa mgeni papo hapo alipozaliwa. Hakufukuzwa, Waluguru si watu wa kufukuzana. Alikwenda kwa shangazi yake Mwaisha, akaomba kuazima lile shamba la chini, naye akapewa pamoja na sharti lake. Kila mavuno alipeleka ngoto, yaani kuku na kapu la nafaka, si kwa sababu Mwaisha alikuwa na shida ya kuku, bali ili isije ikasahaulika ardhi ni ya nani.

Ugomvi uliingia kwa njia ya misheni. Benedikto alibatizwa Matombo, akafunga ndoa huko na Kristina, binti wa Wakristo wa mwanzo, na huko huko akasikia mambo mawili yakamkaa moyoni. La kwanza, kwamba mtoto hurithi kwa babaye. La pili, kwamba kahawa ina soko. Mapadri walikuwa na kitalu cha mibuni nyuma ya kanisa, na aliyetaka miche alipewa. Benedikto akarudi na kikapu kizima, akaipanda kando ya mfereji bila kumwambia mtu. Labda alidhani kwamba mibuni, kwa kuwa ni mifupi, haitahesabiwa kuwa miti.

Mwaisha aliiona kabla haijatoa jani jipya. Hakupiga kelele. Aliing'oa mche mmoja mmoja, akailaza juu ya jani la mgomba, mizizi yote upande mmoja, akampelekea nyumbani kwake kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Hii ni mali yako, baba," alimwambia. Shangazi humwita mtoto wa kaka yake baba, hata pale anapomkaripia. "Ardhi ndiyo si yako."

"Shangazi, mfereji ule marehemu baba ndiye aliyeuchimba."

"Aliuchimba kwenye ardhi ya mama yake. Nawe mama yako ana ndugu zake ng'ambo ya Ruvu. Nenda kapande huko hata msitu, hakuna atakayekuuliza."

Benedikto alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kama Mwaisha alivyokuwa na haki ya kung'oa. Magomvi ya ardhi karibu yote yako hivyo, ndiyo maana hayaishi. Ng'ambo ya Ruvu hakwenda. Huko hakuna hata mbwa aliyemjua. Aliishindilia ile miche kwenye tuta la kivuli nyuma ya nyumba, nayo haikufa. Mwaka uliofuata akaotesha mingine, na uliofuata mingine tena. Mwaisha alipita, akatazama, akakubali kwamba mche wa kitaluni bado si mti. Kristina alimwita mumewe baba wa mayatima, maana alikuwa analea miche isiyo na kwao.

Kisha gari la moshi likafika Morogoro. Watu wa milimani walishuka kulitazama, wakarudi na habari kwamba linapiga mluzi na linakunywa maji mengi kuliko ng'ombe, wakadhani habari imeishia hapo. Haikuishia hapo. Zamani, mzigo wa Uluguru ulifika pwani kichwani mwa mtu, na ukifika umeliwa nusu na safari. Sasa Wazungu wa mashamba waliweza kupanda kahawa huku, mpira kule na katani bondeni, na yote yakafika Dar es Salaam bila kutoka jasho. Ardhi ambayo haijawahi kuwa na bei ikapata bei. Na serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa na sharti lake moja: ardhi isiyo na mtu ni ya serikali, na ya serikali huuzwa. Ni sharti rahisi kulielewa. Ugumu uko katika kujua ardhi isiyo na mtu inafananaje.

Habari hiyo iliifikia Kilangala wakati wa kiangazi, ikiletwa na Salum, akida wa serikali. Salum alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na Kijerumani cha kumtosha, na hakuwa mtu mbaya. Aliwakusanya watu uwanjani kwa Mwaisha, akawaambia kwamba bwana mpima yuko vilima vya ng'ambo, na akimaliza huko atakuja hapa.

"Anatazama nini, huyo mpima?" Mwaisha aliuliza.

"Anatazama nyumba na miti, mama. Penye nyumba anaacha. Penye miti iliyopandwa na watu anaacha. Kwingine anapigilia vigingi."

"Na penye mashamba?"

Salum aligeuka akautazama mteremko. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Sehemu moja mabua yalikuwa yamechomwa na kubaki majivu. Sehemu nyingine, kubwa zaidi, ilikuwa nyasi tupu.

"Mashamba yako wapi, mama?"

"Huoni? Penye majivu tumevuna juzi. Penye nyasi pamelala. Tunalima miaka mitatu, tunapaacha palale minne, ndipo udongo unapata nguvu."

"Mimi naona. Nimekaa nanyi. Bwana mpima hajakaa nanyi. Kwake yeye majivu ni majivu na nyasi ni nyasi."

Hapo Mwaisha alielewa, na wengine nao wakaelewa. Kilangala nzima, kutoka ukingo wa msitu hadi kijitoni, haikuwa na mti hata mmoja uliopandwa, ukiacha migomba iliyozunguka nyumba. Sehemu iliyoazimwa haikuwa na mti kwa sababu ya sharti. Sehemu yake mwenyewe, ile ya juu, haikuwa na mti kwa sababu ardhi ya kulala haipandwi mti, mti haulali. Mama yake aliipitia akiisafisha, yeye akaipitia akiisafisha, vizazi viwili vya wanawake waangalifu, na uangalifu huo wote ulikuwa umeufanya mteremko uonekane hauna mwenyewe. Kama wangekuwa wazembe, Mjerumani angekuta msitu wa mifenesi.

Watu walipotawanyika, Hidaya alibaki na mama yake. Hidaya alikuwa mjane, ana binti mdogo aliyeanza tu kusema, na hakuwa na shamba jingine duniani zaidi ya hilo.

"Miche anayo Benedikto," alisema.

"Najua anayo nani."

"Basi twende."

"Nitakwenda mwenyewe," Mwaisha alisema, kisha akakaa. Aliona haya. Ilikuwa haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, na hakuwa mtu aliyeizoea. Angeona nafuu kumwomba akida, angeona nafuu hata kumwomba Mzungu mwenyewe, kuliko kwenda kumwomba mtoto wa Rehani kitu alichokwisha kumrudishia juu ya jani la mgomba. Lakini haya haijawahi kuokoa shamba. Akajifunga kanga yake vizuri akateremka.

Benedikto alikuwa anamwagilia kitalu chake kwa kibuyu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Alipewa kinu kilichopinduliwa akakikalia. Kristina akamletea maji ya kunywa, kisha akasimama mlangoni, hakuingia ndani wala hakutoka.

"Nimekuja kuomba miche," Mwaisha alisema.

"Ile uliyoing'oa?"

"Ile, na uliyoiotesha baadaye."

Benedikto alikuwa ameingoja siku hiyo miaka yote. Alikuwa ameyaota hata majibu yake, makali, moja baada ya jingine. Sasa imefika, na mbele yake amekaa mwanamke mzima mwenye pua ya babaye, ameshika kata ya maji kwa mikono miwili, na yale majibu hayakuja.

"Uipande wapi?" aliuliza.

"Nusu juu kwangu, nusu chini kwako. Akija mpima akute mibuni kotekote."

"Ya juu itakufa, shangazi. Jua hili, na maji hakuna. Chini kuna mfereji."

"Hidaya atabeba maji."

"Abebe. Itakufa tu."

"Na hiyo ya chini?" Kristina aliuliza kutoka mlangoni. "Itakuwa ya nani?"

Mwaisha alimgeukia. "Ni nini itakuwa ya nani?"

"Hiyo mibuni, shangazi. Nisamehe, mimi ni mke tu. Lakini mpima atapita, ataondoka. Siku ya pili yake tutaamka tuikute imeng'olewa tena, turudishiwe mlangoni?"

Mwanamume mwingine angemnyamazisha mkewe, angalau kwa ajili ya adabu. Benedikto aliweka kibuyu chini. "Amesema ninalotaka kulisema," alisema. "Mimi nikipanda, nitakuwa nimejipandia mwenyewe au nimekupandia wewe?"

Mwaisha angeweza kuzunguka hapo. Angeweza kusema tutazungumza baadaye, au ndugu ni ndugu, au Mungu ni mkubwa, maneno ambayo watu huyatumia wanapotaka kitu bila kukilipia. Lakini alikuwa amewaambia watu wengi sana sharti lile lile, kwa uso mkavu, na hakuweza sasa kulikunja kwa kuwa limemgeukia yeye.

"Anayepanda mti ndiye mwenye mti," alisema. "Mwenye mti ndiye mwenye shamba. Sikulitunga mimi."

"Nataka nisikie kuhusu mimi, shangazi."

"Panda, baba. Litakuwa lako."

Njiani kurudi alimkuta Hidaya amekuja kumpokea, akamweleza yote. Hidaya alisimama katikati ya njia.

"Umelitoa shamba la mwanangu."

"Nimempa mtoto wa Rehani. Asipolichukua yeye, atalichukua mtu ambaye hata jina la mama yake silijui."

"Kwangu mimi ni mamoja."

"Si mamoja," Mwaisha alisema, lakini hakuweza kueleza tofauti, na Hidaya hakumsubiri aieleze. Alikuwa amekwisha kwenda mbele.

Walipanda wote, hata Hidaya. Ya chini Benedikto aliipanda kwa mkono wake mwenyewe, hakumruhusu mtu kumgusia, na kila mche aliushindilia udongo kwa kidole gumba taratibu mno hata Kristina akamwambia asije akaupa na ubatizo. Ya juu waliipanda Mwaisha na binti yake. Kisha Hidaya akawa anabeba maji kutoka kijitoni mpaka ukingo wa msitu, asubuhi na jioni, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Kama bwana mpima angekuja mapema, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini mpima alipata homa huko vilima vya ng'ambo, akalala kwenye hema, na homa ya mtu mmoja ikatosha kuukausha mteremko. Mibuni ya juu iliinamisha majani, ikayapukutisha, ikabaki vijiti. Ya chini ikatoa majani mapya yanayong'aa.

Mpima alipokuja alikuwa mwembamba, mwenye rangi ya nta, na kofia iliyomzidi kichwa. Alikuja na watu wa kubeba vigingi, mnyororo wa kupimia, na chombo chake cha miguu mitatu. Salum alikuwa pembeni yake akitafsiri. Walianzia juu. Mwaisha na Hidaya walikuwa wamesimama katikati ya vijiti vyao kama watu wanaongoja wageni wa posa.

Mpima aliinama akavunja kimoja. Kilivunjika kwa mlio. Akasema maneno machache bila hasira.

"Anasema hivi vimechomekwa kumdanganya," Salum alisema.

"Mwambie vilikuwa hai. Mwambie ni yeye aliyechelewa."

Hilo Salum hakulitafsiri, na alifanya vizuri.

"Basi mwambie ardhi hii ina wenyewe, imelala tu."

Hilo alilitafsiri, na kwa urefu. Alieleza miaka ya kulima na miaka ya kuilaza ardhi, akaonyesha kwa mikono, akafanya kazi yake kuliko mshahara wake. Mpima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto aliyeuliza kwa nini jua linazama. Salum akawageukia wanawake.

"Anasema, kwao ardhi yenye mwenyewe haiachwi ikalala."

Vigingi vikaanza kupigiliwa. Hidaya alilia pale pale, waziwazi, bila kujifunika uso. Mwaisha hakulia. Alikuwa anatazama shamba la chini.

Walipofika shamba la chini mpima alichangamka. Aligusa majani, akachimba udongo kwa ncha ya kiatu akaona una unyevu, akaufuata mfereji kwa macho mpaka kijitoni. Akasema neno ambalo hata asiyejua Kijerumani alilitambua kuwa la sifa. Benedikto alikuwa amesimama kando ya mibuni yake, mikono nyuma, amevaa shati la kanisani. Kristina alikuwa karibu naye.

"Bwana anauliza, shamba hili ni la nani?"

"La ukoo," Hidaya aliwahi kujibu.

"Bwana haandiki ukoo, binti yangu. Anataka mtu mmoja. Mwanamume, mwenye kulipa kodi."

Salum aliwatazama kwa zamu, akafikia kwa Mwaisha. Alimheshimu mama huyu, na yaliyotokea kule juu yalikuwa yamemsikitisha. Alitaka kumsaidia, na msaada wake alikuwa nao tayari.

"Mama Mwaisha," alisema kwa sauti ya chini, "una mdogo wako, Pazi, yuko Kilosa kwenye kazi ya reli. Ni mwanamume, ni wa ukoo wenu, na kodi najua analipa. Taja jina lake tu. Nitasema ni lake na amesafiri."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja na shamba la chini lingebaki kwa mama zake, kwa Hidaya, kwa yule mtoto aliyekuwa anachezea vigingi. Hidaya alimshika mama yake pindo la kanga akalibana. Benedikto alisikia kila neno. Hakuwa na la kufanya. Mbele ya akida na Mzungu, neno la mkubwa wa ukoo lingelifunika la kwake, na aliyemwahidi alimwahidi pasipo shahidi zaidi ya mkewe. Alimtazama shangazi yake usoni. Hakuomba. Alitazama tu.

Mwaisha aliona kwamba anaweza. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba aliona vizuri kabisa anaweza.

"Pazi hakupanda," alisema. "Aliyepanda ni huyu. Ni lake."

"Una hakika, mama?"

"Mwambie ni la Benedikto, mwana wa Rehani. Andikeni."

Hidaya aliachia kanga. Mpima akaandika, mnyororo ukakusanywa, watu wa vigingi wakashuka kuelekea kilima kingine. Benedikto alitaka kumshukuru, lakini shangazi yake alikuwa amekwisha kugeuka kupanda kwake.

Mzungu aliyenunua sehemu ya juu hakukawia. Kabla ya vuli wafanyakazi wake walikuwa wamefyeka nyasi zote na kuanza kuchimba mashimo ya miche yake. Walilipwa posho na vijisenti, na waliokuwa wanaazima mashamba kwa Mwaisha wengi wao walikwenda kufanya kazi hapo hapo walipokuwa wakilima. Watu wa boma waliopita walisema Kilangala imeendelea, na kwa kutazama ilikuwa kweli. Miti ilisimama kwenye mistari. Mwaisha alibaki na nyumba yake na migomba iliyoizunguka. Hidaya alisema atakwenda kufyeka kwa Mzungu. Mama yake akamwambia akafyeke akitaka, lakini kwanza watafute pa kupanda mahindi, maana posho ya mtu mmoja hailishi watu watatu.

Mvua za kwanza zilipoloanisha udongo, wakateremka wote wawili na majembe yao. Mwaisha alibisha hodi, na alipokaribishwa hakuingia. Alichutama nje ya mlango.

"Shangazi, shikamoo. Inuka, tafadhali," Benedikto alisema. Alikuwa amefadhaika kweli. "Usichutame kwangu."

"Marahaba. Anayeomba shamba huchutama, baba. Nimekuja na Hidaya. Tunaomba pa kupanda mahindi."

"Huhitaji kuomba. Lima popote."

"Popote si mahali. Nionyeshe mpaka."

Alimsihi tena mara kadhaa, akaona anamwaibisha zaidi. Akachukua vijiti kutoka rundo la kuni, akatangulia. Mwaisha akafuata nyuma yake, na Hidaya nyuma ya mama yake, na Kristina akaja mwisho na kikapu cha mbegu, amejaa ukarimu, akisema mbegu hizo zimechaguliwa na zitaota vizuri.

Benedikto aliwapimia sehemu kubwa. Alianzia kwenye jiwe la juu, akateremka hatua ndefu ndefu, akachomeka kijiti cha mwisho karibu kabisa na mfereji, mahali udongo ulipokuwa mweusi na laini. Alifurahi alipokichomeka. Alisimama akatazama alichotoa, na Mwaisha akasema Mungu amjalie.

Kisha akaendelea kutazama. Mstari wa mibuni uliishia hatua chache tu kutoka pale, na miche mingine ilikuwa bado kitaluni, ikingoja pa kupandwa. Kristina naye alikuwa anatazama hapo hapo, kikapu kiunoni. Ndani ya nyumba mtoto wao wa kiume alikuwa anaimba wimbo wa misheni. Benedikto aliinama akakivuta kile kijiti. Akarudi nacho nyuma, mbali na mfereji, mpaka palipoanza changarawe, akakichomeka hapo na kukikanyaga kwa kisigino mpaka kikakaa imara. Alipoinuka hakumtazama shangazi yake.

Hidaya alivuta pumzi aseme, na mama yake akamshika mkono.

"Asante, baba," Mwaisha alisema, akainama akaanza kulima.